SOMO LA 14: NDOTO YA KURUKA



Bila shaka umepata kusimama shambani ukamtazama mwewe. Huzunguka juu ya mlima bila kupiga mabawa. Hewa yenye joto inayopanda juu ndiyo inayombeba. Siku hizi tunaona eropleni pia. Iringa tuna uwanja wa Nduli. Mbeya tuna uwanja wa Songwe, ulioanza kazi Desemba 2012.

Jioni moja, katika darasa la kisomo, mzee mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mimi nimekwisha zeeka. Haya ninayoandika yatamfaa nani?" Nilinyamaza. Leo namjibu.

Mtu wa daftari

Zamani, nchini Italia, aliishi mtu aitwaye Leonardo da Vinci. Alizaliwa mwaka 1452. Alipenda kutazama ndege wa angani. Alitazama jinsi wanavyokunja mabawa na jinsi upepo unavyowainua. Kila alichoona alikiandika na kukichora katika daftari. Alichora pia vyombo vya kumwezesha mtu kuruka.

Je, yeye aliruka? Hapana. Alifariki mwaka 1519. Daftari zake alimwachia mwanafunzi wake, Francesco Melzi. Nyingine zilipotea, lakini nyingine zilihifadhiwa.

Miaka mingi ilipita. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Marekani, ndugu wawili wa ukoo wa Wright walirusha eropleni yenye injini. Safari ya kwanza ilichukua sekunde 12 tu. Lakini mtu alikuwa ameruka.

Daftari lageuka wimbo

Mwaka 2016 mtunzi wa muziki wa Marekani, Christopher Tin, alitunga wimbo uitwao "Sogno di Volare". Maana yake ni "Ndoto ya Kuruka". Maneno yake yametokana na maandishi ya Leonardo. Wimbo huo ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, yaani mchezo wenye picha zinazotembea na muziki.

Mwaka 2020 Tin alitoa kazi kubwa zaidi, "To Shiver the Sky". Ina sehemu 11. Huimbwa na kwaya pamoja na wapigaji wengi wa vinanda, ngoma na tarumbeta. Inasimulia safari ya binadamu kuelekea angani. Ndani yake mna maneno ya Amelia Earhart, mwanamke wa kwanza kurusha eropleni peke yake kuvuka bahari ya Atlantiki, mwaka 1932. Mna pia maneno ya Yuri Gagarin wa Urusi, mtu wa kwanza kufika anga za juu, mwaka 1961. Kila mmoja anaimbwa kwa lugha yake.

Kiswahili nacho hakikusahauliwa na mtunzi huyu. Mwaka 2005 alitunga "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy. Ulikuwa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo. Leo kwaya za nchi za mbali huuimba kwa Kiswahili, kama kwaya zetu za Mbeya na Iringa zinavyoimba.

Jibu kwa mzee

Mzee wangu, Leonardo hakujua nani atasoma daftari lake. Aliandika tu. Baada ya miaka 500 maneno yake yanaimbwa. Kama asingeandika, ndoto yake ingezikwa pamoja naye.

Wewe pia unajua mengi: siku mvua zilipoanza, dawa ya miti, nyimbo za bibi yako. Yaandike. Mjukuu wako atayasoma.

Maswali

1. Leonardo alijifunza nini kwa ndege wa angani?
2. Kwa nini maneno yake hayakupotea?
3. Amelia Earhart alifanya nini mwaka 1932?
4. Jadilianeni: ni wimbo gani wa kijijini kwenu unaoweza kupotea?

Kazi ya nyumbani: Andika maneno ya wimbo huo katika daftari lako. Andika pia jina la aliyekufundisha.