Dondoo muhimu: Kituo cha gesi kikija mtaani

Usiku wa 1 Februari 2024 gesi ililipuka kwenye kituo cha gesi Embakasi, Nairobi, katikati ya makazi. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilikuwa imekinyima kituo hicho kibali mara 3. Ili yasiwapate hayo, wakazi wa Mella, Uganda, jirani na njia ya malori ya mafuta ya Malaba, waanze kujilinda mapema:

• Wadai kuona vibali kabla msingi haujachimbwa.

• Pingamizi kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, liwe la maandishi. Wabaki na nakala yenye muhuri.

• Watunze kumbukumbu za mikutano, maana zinaweza kuwa ushahidi. Tarehe 26 Juni 2019, baraza la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

• Ujenzi ukianza kimyakimya, mwenyekiti wa kijiji (LC1) ajulishwe siku hiyohiyo.