Fundi wa Mapazia na Mito: Somo la Kupima, Kukata na Kupanga Bei

Kazi ya vitambaa vya nyumbani ni pana kuliko inavyoonekana dukani. Mtu mmoja, mara nyingi mwanamke anayefanyia kazi sebuleni kwake au katika kibanda cha mabati nje ya nyumba, huchora mtindo, huchagua kitambaa, hupima dirisha, hukata, hushona, hupiga pasi, hupakia mzigo kwenye tuktuk na mwishowe hupanda ngazi nyumbani kwa mteja kutundika. Mapazia, foronya, mashuka, vitambaa vya meza, mito ya majlisi na vifuniko vya makochi vyote hupitia mikononi mwake. Oda hazikosi, hasa kabla ya Idi na mwezi wa Desemba. Kinachokosekana mwisho wa mwezi ni pesa.

Sababu huwa haiko kwenye ushonaji. Fundi wengi wa Mombasa wana mkono mzuri. Pesa hupotelea pahali pawili: kwenye vipimo kabla kitambaa hakijanunuliwa, na kwenye bei iliyotajwa mlangoni kabla hesabu haijapigwa.

Kupima kabla ya kununua

Pazia hupimwa kwa chuma chake wala si kwa kioo cha dirisha. Chuma kikitokeza nje ya dirisha kila upande, upana wa pazia ni ule wa chuma. Futi ya chuma ndiyo inayofaa kwa kazi hii, kwa kuwa futi laini ya mshona nguo hunyooka kadiri inavyotumika, na ikishazeeka hudanganya. Kwa pazia la kufika chini, urefu upimwe mara tatu: kushoto, katikati na kulia. Sakafu za nyumba nyingi, za zamani kwa mpya, hazikulingana sawasawa, na fundi akichukua kipimo kimoja tu ataona upande mmoja unaburura na mwingine unaning'inia.

Pazia la marinda huhitaji kitambaa chenye upana wa mara mbili ya chuma, au mbili na nusu kwa mteja anayetaka marinda mazito. Chukua mfano wa chuma cha sentimita 180. Mara mbili yake ni 360. Kitambaa chenye upana wa sentimita 140 kitahitaji vipande vitatu, kwa sababu viwili havifiki. Urefu wa pazia likishatundikwa ni sentimita 235. Ukiongeza 30 za upindo wa chini na mkunjo wa juu, kila kipande kinakatwa 265. Vipande vitatu ni mita 7.95. Hiyo ni hesabu ya kitambaa kitupu kisicho na ua.

Ua likiwa kubwa, mambo hubadilika. Kitambaa cha maua huwa na umbali maalumu ambao ua hujirudia, na vipande lazima vikatwe kuanzia pahali pamoja kwenye ua ili vikiunganishwa picha ikutane. Ua likijirudia kila sentimita 64, kipande cha 265 hakipatikani ndani ya marudio manne, ambayo ni 256. Itabidi kihesabiwe marudio matano, yaani 320. Vipande vitatu sasa ni mita 9.6. Kwa kitambaa cha shilingi 600 kwa mita, tofauti ya mita 1.65 ni shilingi 990. Fundi asiyeijua hesabu hii hununua mita nane, hugundua upungufu mkasi ukiwa mkononi, hurudi sokoni kwa pesa zake mwenyewe, na pengine hukuta kitambaa kimekwisha.

Hapo ndipo mteja huuliza: "Lakini fundi, jirani yangu zilimtosha mita nane, mbona mimi kumi?" Jibu si kupunguza. Fundi hukitandaza kitambaa mbele yake na kumwonyesha ua linaanzia wapi na linarudi wapi. Wateja wengi wakiona kwa macho huelewa upesi, na vile vipande vinavyobaki hushonewa foronya mbili za mito ya kochi zinazofanana na pazia. Fundi mwerevu huzitaja foronya hizo tangu mwanzo.

Kanga na kitambaa chenye mji

Pwani ina kitambaa chake kinachopendwa nyumbani na kwa wageni. Duka la Mali ya Abdulla la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, lilifanya Mtaa wa Biashara ujulikane kwa kanga, na mpaka leo mafundi wa mito hununulia huko. Kanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina linaloandikwa juu ya pindo la chini. Kila kipande cha doti ni kama sentimita 150 kwa 110.

Kosa linalojirudia ni kuikunja kanga na kuikata kama kitambaa cha kawaida. Ua la mji huangukia pembeni, jina hukatwa nusu, na mto husomeka maneno yasiyo na maana, au yenye maana isiyotakiwa. Jina la kanga ni usemi. Mto wa sebuleni wenye fumbo la kumsema jirani unaweza kumletea mwenye nyumba maneno. Fundi hukata kwanza kipande cha mbele, ua likiwa katikati, kisha nyuma hutumia pindo au kitambaa kitupu cha rangi inayolingana. Kwa mto wa sentimita 45, foronya ikishonwa ndogo kidogo kuliko mto wenyewe, pembe hujaa vizuri na mto haulegei. Wenye sufi nyumbani wanajua kuwa sufi hushikana baada ya muda, kwa hiyo zipu ni bora kuliko kushona moja kwa moja, ili mto ufunguliwe na kuanikwa.

Pamba ifuliwe kabla ya kukatwa. Hupungua kwenye mfuo wa kwanza, na shuka ya tano kwa sita iliyokatwa bila kufuliwa haitafunika godoro baada ya wiki. Kuhusu rangi kuchuja, jaribio ni rahisi: kitambaa cheupe chenye unyevu husuguliwa juu ya kile cha rangi. Kikitoka na rangi, hakichanganywi na cheupe kwenye kazi moja hata mteja akiomba.

Hali ya hewa nayo ina hesabu yake. Upande unaotazama jua, pazia lisilo na bitana hupauka na nyuzi zake huchoka mapema. Bitana hugharimu zaidi lakini humwondolea fundi lawama. Hewa ya chumvi hushika kutu kwenye pete na ndoano za bei nafuu, na doa la kutu kwenye kitambaa cheupe halitoki kwa urahisi. Wakati wa mvua za masika vitambaa vilivyowekwa sakafuni huota ukungu. Ubao wa kuinua marobota ni gharama ndogo sana kulinganisha na robota moja la shuka kuharibika. Cherehani pia ipanguswe na kutiwa mafuta, na sindano iliyoshika kutu itupwe kabla haijavuta nyuzi za kazi ya mtu.

Bei inatoka wapi

Desturi ya wengi ni kutoza ushonaji kwa mita. Chukua lile pazia la mita 9.6, na bei zote hapa ni za mfano. Fundi anayetoza 200 kwa mita hupata 1,920 za mkono. Nauli ya kwenda kupima na kutundika ni 400, uzi 100, utepe wa marinda 210. Zinabaki 1,210. Kazi yote, pamoja na kupima, kukata, kushona, kupiga pasi na kutundika, ilichukua saa kumi. Hiyo ni shilingi 121 kwa saa, na bado stima, kodi ya chumba na matengenezo ya cherehani hayajaguswa.

Njia nyingine huanzia nyumbani kwake. Fundi anayehitaji shilingi 30,000 kwa mwezi na ana gharama za karakana za 6,000 lazima apate 36,000. Akifanya kazi siku 25 za saa nane, ana saa 200. Lakini saa zote hizo hazilipwi na mteja. Kuna za sokoni, za kujibu simu, za kungoja stima irudi, za kushughulikia wateja wanaouliza bei kisha wasirudi. Zikibaki 120 za kulipwa, kila saa inapaswa kuleta shilingi 300. Pazia lile sasa linasomeka hivi: kitambaa 5,760, utepe 210, uzi 100, nauli 400, na saa kumi za mkono 3,000. Jumla ni 9,470. Akiongeza sehemu ya kumi kama faida ya biashara, bei inafika kama 10,400.

Wapo watakaosema mteja wa mtaani hatalipa hiyo. Baadhi hawatalipa, ni kweli. Hata hivyo fundi aliyekwisha kupiga hesabu anajua anaposhuka ameshuka kiasi gani, na anaweza kupunguza marinda au kuondoa bitana badala ya kupunguza chakula chake. Arubuni isipungue gharama ya kitambaa na vifaa. Mteja akibadilisha nia baada ya kitambaa kukatwa kwa kipimo cha dirisha lake, pazia hilo haliuziki kwa mwingine. Vipimo, rangi na siku ya kumaliza viandikwe kwenye karatasi na pande zote mbili zitie sahihi.

Mchoro, leseni na zabuni

Fundi anayebuni mchoro wake mwenyewe wa batiki au wa kuchapa kwa muhuri anaweza kuusajili kama ubunifu wa viwandani katika taasisi ya KIPI. Ulinzi ni wa miaka 5, na unaweza kurefushwa mara mbili hadi kufikia 15. Mchoro lazima uwe mpya, kwa hiyo ombi hupelekwa kabla ya picha kusambazwa kwenye WhatsApp. Ua la kanga iliyonunuliwa dukani halisajiliki kwa jina la aliyeikata mto.

Biashara inayofanyiwa nyumbani nayo huhitaji leseni ya kaunti. Mauzo yakifika shilingi milioni 1 kwa mwaka na yasipozidi milioni 25, kodi ya mauzo hulipwa KRA kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kiwango chake ni asilimia 3 tangu Julai 2023. Aliyejifunzia kazini bila cheti anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, akianzia gredi ya tatu.

Kisha kuna zabuni za serikali. Chini ya mpango wa AGPO, asilimia 30 ya manunuzi imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na mashuka na mapazia ya hospitali ni bidhaa ambazo karakana ndogo inaweza kuzishona. Kampuni au kikundi kiwe na angalau asilimia 70 ya wanachama kutoka makundi hayo, na uongozi wote utoke humo. Kabla ya kujaza bei, fundi aulize aina ya kitambaa, uzito wake na kama kinahimili kufuliwa kwa maji ya moto, kwani shuka ya wodi haifanani na ya nyumbani. Malipo yanaweza kuchelewa miezi kadhaa baada ya mzigo kupokelewa. Mwenye mtaji wa shuka ishirini ni afadhali aombe kazi ya shuka ishirini, au aungane na mafundi wenzake watatu wanne wagawane kitambaa na kungoja pamoja.