Mimea ya Kudumu kwa Bustani ya Nyumbani: Shauri kwa Watu wa Lodwar na Kakuma

Katika nchi za baridi kama Uingereza, watu hupenda kupanda mimea ya kudumu majani yanapopukutika, kabla ya baridi kali kuja. Ardhi bado ina vuguvugu, na mche hulala usingizi hadi majira mema yarudi. Kwetu Turkana hakuna baridi ya kuulaza mche. Jua la Lodwar huwa karibu nyuzi 35 wakati wa mchana, na mara nyingi hupita hapo. Mvua ya mwaka mzima aghalabu haifiki milimita 250. Hata hivyo sisi nasi tunayo majira yetu ya kupanda wakati uo huo, nayo ni vuli ya Oktoba na Novemba.

Huenda msomaji akauliza: "Kwa nini tusingoje masika, maana ndiyo yenye mvua nyingi zaidi?" Jibu ni hili. Mche uliopandwa Aprili hupata mvua kidogo, kisha hukabiliwa na kiangazi kirefu cha Juni hadi Septemba, na vuli inayofuata pengine haiji kabisa. Lakini mche uliopandwa vuli una masika mbele yake. Ukiweza kuulinda kwa miezi minne tu, Desemba hadi Machi, umeuvusha mahali pagumu. Basi mwezi wa Septemba ni wa kuchimba mashimo na kuchagua miche, na makala haya ni ya kusaidia katika uchaguzi huo.

HESABU MAJI KWANZA

Watu wengi huuliza kwanza ni mti gani ulio mzuri. Yafaa waulize kwanza wana maji kiasi gani. Mche mdogo unahitaji kama lita 5 mara mbili kwa juma, yaani lita 10. Kwa majuma 16 ya kiangazi, hizo ni lita 160, sawa na madumu manane ya lita 20. Ukipanda miche kumi, utahitaji madumu themanini. Na ni nani atakayeyachota? Aghalabu ni mama wa nyumba na binti zake, ambao tayari wanachota maji ya kunywa na ya kupikia. Kwa hiyo ni heri miche mitatu iliyo hai kuliko kumi iliyokauka mwezi wa Februari.

Tena onja maji yako. Visima vingi vya Turkana vina chumvi. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba maji mengi yamegunduliwa chini ya ardhi katika bonde la Lotikipi, lakini baadaye yalipopimwa huko yalionekana kuwa na chumvi. Mtende na mkomamanga huivumilia chumvi; mlimau, mndimu na mparachichi huungua majani na kufa.

MITI YA KIVULI

Mwarobaini. Mti huu asili yake ni Bara Hindi, nao umeenea sana Lodwar na Kakuma kwa kuwa huvumilia ukame na huwa na majani karibu mwaka mzima. Hata katika uwanda wa Arafat, karibu na Makka, maelfu ya miarobaini yalipandwa ili mahujaji wapate kivuli. Usiupande karibu na ukuta, kisima au choo. Uache hatua sita au zaidi, kwa sababu mizizi yake ina nguvu. Ukitaka kuotesha mbegu, zipande mara zinapoanguka, maana hupoteza uhai baada ya majuma machache. Na mafuta yake asinyweshwe mtoto kamwe, kwani ni sumu kwake.

Mgunga, ambao Waturkana huuita ewoi. Huu ni mti wa nyumbani hasa. Hukua polepole kuliko mwarobaini, lakini ukisha kuzamisha mizizi yake hauombi maji tena, na maganda ya mbegu zake ni chakula cha mbuzi wakati malisho yamekwisha. Kama tayari umeota uani mwako, usiukate ili kupanda mti wa kigeni.

MITI YA CHAKULA

Mlonge huja upesi. Majani yake huliwa kama mboga, na ukikatwa kwa urefu wa kifua cha mtu huchipua matawi mapya yanayofikiwa kwa mkono. Familia yenye nafasi ya mti mmoja tu wa chakula yafaa ianze na huu.

Mkunazi, yaani ekalale, huzaa matunda madogo matamu na hustahimili ukame vizuri. Mkwaju, au epeduru, hufaa kwa mwenye kiwanja karibu na mto Turkwel au lugga, lakini apandaye mkwaju awe mtu wa subira, kwa maana pengine watakaofaidi ni wanawe.

Mtende hupenda jua kichwani na maji miguuni. Ukipanda kokwa, karibu nusu ya miche huwa dume, nayo haizai. Kwa hiyo tafuta chipukizi lililotoka kwenye shina la mtende jike unaojulikana. Mkoma, yaani eng'ol, huwapa akina mama ukindu wa vikapu na mikeka. Kata majani machache kwa zamu. Ukikata moyo wake, umeuua.

Hapa tuna neno kwa ndugu zetu waliofika Kakuma na Kalobeyei kutoka Kivu, Burundi na penginepo penye mvua nyingi. Mgomba na mparachichi ni miti ya kwao, na kuitamani si kosa. Lakini hapa mgomba utakunywa maji ya watoto. Mpapai mmoja, uliopandwa mahali maji ya kuogea yanapopita, ndio mwisho wa anasa hiyo.

MIMEA YA UA

Upepo wetu mkali hutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo anza ua wako upande huo. Mhina hufaa sana: hukatwa ukawa ua mzuri, na majani yake huuzwa kwa wanawake wanaojipamba. Mnyaa huota hata kwa kijiti kilichochomekwa ardhini, lakini utomvu wake huweza kupofusha macho. Usiupande mahali watoto wanapocheza. Mshubiri nao huhitaji maji machache mno, na aina moja ni ya Turkana yenyewe.

MTI WA KUEPUKA

Mti uitwao mathenge, au etirai kwa Kiturkana, uliletwa Kenya mwaka 1973 na kupandwa kwanza karibu na Mombasa. Katika miaka ya 1980 ulipelekwa katika nchi kavu, Turkana ikiwamo, kwa nia njema ya kuzuia jangwa na kupata kuni. Kila mtu aliusifu, kwa kuwa uliota upesi bila kutunzwa. Lakini mbuzi walikula maganda yake, wakatawanya mbegu kwa samadi. Meno yao yakaoza kwa utamu wake. Na kando za mito zikajaa vichaka vya miiba. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki Serikali kwa sababu ya mti huo, na mwaka 2008 ukatangazwa kuwa gugu hatari.

Fundisho lake ni kubwa. Mti usiohitaji kutunzwa huenda usitii mipaka ya bustani yako. Usiupande mathenge. Ulioota tayari, ukate uwe kuni na makaa, ung'oe na kisiki chake kwa kuwa huchipua tena. Hivyo utaupumzisha mgunga.

NAMNA YA KUPANDA

1. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Tenga udongo wa juu, uuchanganye na samadi kuukuu ya mbuzi.

2. Upande wa chini wa mteremko, jenga tuta lenye umbo la mwezi mchanga, ili maji ya mvua yakusanyike penye mche.

3. Panda jioni. Ondoa mfuko wa plastiki bila kuvunja udongo wa mizizi.

4. Tandaza nyasi kavu, lakini zisiguse shina, maana mchwa watafuata.

5. Fukia mtungi wa udongo usiopakwa rangi kando ya mche, uujaze maji na kuufunika. Maji yatavuja polepole penye mizizi, wala jua halitayanyang'anya.

6. Zungusha boma la miiba siku ile ile, wala usingoje kesho. Mbuzi mmoja hufanya kazi ya kiangazi kizima kwa dakika moja.

ULIZA MWENYEWE

Tangu zamani Waturkana wana desturi ya ekwar, ambayo kwayo miti ya kando ya mto ina wenyewe, ingawa haina ua. Mgeni anayekata matawi ya ewoi kwa ajili ya boma lake huenda akadhani anachukua kitu cha porini, kumbe anachukua malisho ya mifugo ya mtu. Tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, kuni na miti vimeleta ugomvi mara nyingi kati ya wenyeji na wageni. Basi uliza kabla ya kukata, na uliza pia kabla ya kupanda nje ya kiwanja chako.

Kwa kumalizia, mwenye maji machache na apande mgunga au mkunazi. Mwenye watoto wadogo, mlonge. Mwenye kukosa kivuli, mwarobaini. Asiyejua kama maji yake yana chumvi, au ni wapi apate miche mizuri, na amwone ofisa wa kilimo au wa misitu aliye karibu kabla vuli haijaanza. Haba na haba hujaza kibaba. Na miche mitatu katika kila nyumba ya Lodwar na Kakuma, ikitunzwa hadi masika, itakuwa msitu usiohitaji kupimiwa ardhi.