Shoti pana kwenye mtaa wa vilima: mwongozo kwa wapiga picha za filamu, Kibagabaga

Kibagabaga, katika Wilaya ya Gasabo jijini Kigali, ni mtaa unaomdanganya mpiga picha. Ukisimama ukingoni, bonde lote liko mbele yako, mabati yanang'aa, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe. Ndiyo maana kazi nyingi za wanaoanza hufunguliwa kwa vilima vilevile visivyosema lolote. Kabla ya kuweka lenzi pana, jibu kwanza: ni nani aliyemo humo, na ukubwa wa mahali unamfanyia nini?

Usipige kilima ulichosimama juu yake, vuka bonde. Mteremko ukitazamwa kutoka ng'ambo husimama kama ukuta: nyumba zimepangana ngazi kwa ngazi, barabara inaonekana kuanzia chini hadi juu. Pikipiki ya abiria ikianza kupanda, mtazamaji ataifuata mwenyewe bila kamera kusogea. Funga kamera kwenye stendi na uinyooshe kwa pembe za kuta, si kwa mgongo wa kilima, kwa maana mgongo huo wenyewe umelala upande. Kisha iache. Sekunde 15 humchosha aliyeshika kamera; mtazamaji ndiyo kwanza anatafuta pa kuangalia.

Somo la rangi nililipata kwa aibu. Nilimvisha mwigizaji nguo ya kahawia, nikamteremsha kwenye njia ya udongo. Tulipokaa kuhariri tulimtafuta kama sindano iliyoanguka. Siku hizi aliye mbali namvika kitenge cha njano, au namwambia asimame wakati wengine wanatembea.

Fikiria pia kazi itatazamwa wapi. Tamasha la Filamu la Rwanda, alilolianzisha Eric Kabera mwaka 2005 na lililojulikana kama Hillywood, lilipeleka vijijini skrini za kujazwa upepo. Kwenye skrini ya namna hiyo mtu mdogo kabisa huonekana. Kwenye simu anapotea. Ikiwa wateja wako wanatazama kwa simu, mkaribie kidogo, na usitegemee lenzi pana kupita zote ya simu yako: inapinda kuta za pembeni na kukisukuma kilima mbali.

Kigali iko karibu na Ikweta, hivyo jua la adhuhuri hukaa utosini na kuubapaza mteremko. Piga kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni, lakini usichelewe: giza la huku halibishi hodi. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi hufifisha vilima vya nyuma. Mvua ikishakatika, vinarudi.

Droni inahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na hospitali ya mtaa isiingie kwenye fremu kwa namna ya kutambulisha wagonjwa.

Mwisho, sauti. Kutoka ng'ambo ya bonde maikrofoni haisikii hatua za mwigizaji. Mtu mmoja ashuke na kinasa sauti, azirekodi palepale njiani kabla mwigizaji hajabadilisha viatu.