Lugha ya Vibao vya Umma katika Kaunti ya Kilifi: Kuarifu au Kuwakilisha?

Utangulizi
Makala haya yanajadili lugha inayostahiki kuandikwa kwenye vibao vya umma katika Kaunti ya Kilifi. Landry na Bourhis (1997) wanabainisha dhima mbili za lugha ya vibao: kuarifu, yaani kumpa msomaji habari, na kuwakilisha, yaani kudhihirisha hadhi ya jamii yenye lugha hiyo. Dhima hizo ndizo vigezo vyetu.

Mfano wa Uskoti
Sheria ya Lugha ya Kigaeli ya mwaka 2005 ilikusudia kukipa Kigaeli heshima sawa na Kiingereza. Wapinzani wa vibao vya lugha mbili hudai kwamba wazungumzaji wa Kigaeli wanajua Kiingereza, hivyo gharama hiyo ni ya bure. Watetezi hujibu kwamba lugha isiyoonekana hadharani hudhaniwa imekufa. Mjadala huo, basi, ni wa uwakilishi.

Hali ya Kilifi
Kilifi mambo ni tofauti: hata kuarifu kwenyewe kuna kasoro. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, vibao vingi vya ofisi huandikwa kwa Kiingereza pekee. Mjini Malindi, Kiitaliano hupamba maduka na mikahawa. Mfanyabiashara kuandika lugha ya mteja wake si kosa. Je, zahanati humwandikia nani? Mzee wa Ganze asiyejua Kiingereza akikosa mlango wa kupokelea dawa, kibao hakikumwarifu.

Lugha za Wamijikenda
Ibara hiyohiyo inaitaka Serikali ikuze lugha za kiasili. Pingamizi ni kwamba Kilifi ina Kigiriama, Kichonyi, Kikauma, Kirabai na nyinginezo; iandikwe ipi? Tuanze na majina ya mahali. Sauti dz na ts, zisizokuwamo katika Kiswahili sanifu (linganisha *madzi* na *maji*), zimo katika jina Dzitsoni. Anayeliandika kwa j na ch hasahihishi, anafuta.

Hitimisho
Kibao cha huduma kitangulize Kiswahili, Kiingereza kifuate, na jina la mahali liandikwe kama wenyeji wanavyolitamka. Hivyo dhima zote mbili zitatimia.

Zoezi
Chunguza vibao kumi vya umma katika mtaa wako. Kila kimoja kinamwarifu nani, na kinamwacha nani?