Simu za ofisi, Busia hadi Malaba

Una ofisi ya uwakala wa forodha Busia na nyingine Malaba? Simu zake zinaweza kuunganishwa kwa intaneti: karani wa Busia anabonyeza tarakimu tatu, simu ya Malaba inalia, bila kukatwa kredo. Kinacholiwa ni bando tu. Kama ruta yako ina laini ndani, zima roming, isije ikadaka mtandao wa Uganda.

Ila hapa tuwe makini. Kwa simu za intaneti, nambari inayotokea kwenye skrini inaweza kughushiwa. "Bosi wa Malaba" akipiga akitaka umtumie dereva pesa sasa hivi, kata. Mpigie wewe kwa nambari uliyohifadhi, kisha soma jina la mpokeaji kabla hujathibitisha.