Kumtafutia Mbwa Mkubwa Mpole Makao Mapya Kisumu

Mbwa wa aina ya Great Dane, Boerboel au Mastiff akikomaa hufika kilo 60 au zaidi. Wengi wao ni wapole sana na hupenda kulala karibu na watu wao. Ila mwenye mbwa anapohamishwa kikazi, anapohamia fleti au anapolemewa na gharama, humkabidhi kwa mtu wa kwanza anayejitokeza. Kisumu na vitongoji vyake, mtu huyo mara nyingi anatafuta mlinzi: mbwa wa kufungiwa mchana kutwa na kuachiliwa usiku nyuma ya geti lenye kibao cha "Mbwa Kali". Mbwa mpole huteseka katika maisha hayo, na mmiliki wake mpya akiona hang'aki wala hang'ati, humtelekeza. Kwa hiyo mtafutie familia inayotaka kuishi na mbwa, na useme ukweli kuhusu tabia yake tangu siku ya kwanza.

Anzia kwa daktari wa mifugo

Mpeleke mbwa kwa daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini Kenya, au uliza ofisi ya mifugo ya kaunti ikuelekeze. Hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa, amepewa dawa ya minyoo na kuondolewa kupe. Kadi ya chanjo ndiyo karatasi muhimu kuliko zote. Kisumu ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuhusishwa katika mkakati wa taifa wa mwaka 2014 wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na mbwa asiyechanjwa anayehama mtaa anaweza kuhama na hatari hiyo.

Mhasi kabla hajaondoka. Watu wanaotaka mbwa wa kuzalisha na kuuza watoto watajiondoa wenyewe.

Andika maelezo ya kweli

Taja umri, uzito, chakula anachokula, na anavyoishi na watoto, paka, kuku na mbwa wengine. Kama huogopa radi au huvuta kamba, sema. Kama amewahi kumng'ata mtu, sema pia. Eleza gharama: mbwa wa kilo 60 anaweza kumaliza karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, na dawa zake hupimwa kwa uzito. Mbwa hawa pia huzeeka mapema. Wengi huishi miaka saba hadi kumi.

Tembelea nyumba kabla ya kukubali

Usimkabidhi mbwa kwa maneno ya simu. Nenda ukaone ua, na uangalie mambo haya:

• Kivuli na maji. Joto la Kisumu humlemea haraka mbwa mwenye mwili mkubwa, hasa mwenye pua fupi. Kibanda cha mabati kisicho na kivuli hakimfai.

• Ukuta au ua imara. Mbwa mpole akitoka barabarani huwatisha wapita njia, na anaweza kupigwa mawe bila kosa.

• Ufuo. Dunga, Usoma na fuo nyingine zina viboko, na mamba wapo katika Ziwa Victoria. Mwaka 2020 ziwa lilifurika hadi kwenye makazi ya watu. Nyumba iliyo karibu na maji iwe na ua madhubuti na sehemu iliyoinuka.

• Mbung'o. Akienda Homa Bay karibu na Bonde la Lambwe, zungumza na daktari kwanza. Mbung'o wa huko hueneza ugonjwa wa nagana, nao huua mbwa. Homa, kukonda na macho kuwa na ukungu ni dalili za kumkimbiza kwa daktari.

Uliza pia nani atakaa naye mchana, na kama mwenye nyumba ya kupanga ameruhusu mbwa.

Siku ya kukabidhi

Andikeni makubaliano mafupi yenye majina, namba za simu na saini: mbwa hatafungwa mnyororo mchana kutwa, chanjo itarudiwa kwa wakati, na ikishindikana atarudishwa kwako, hatauzwa wala kuachwa mtaani. Kumbusha kwamba Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inaadhibu anayemnyima mnyama chakula au maji.

Msafirishe alfajiri, kwenye gari lenye hewa. Mpe blanketi lake na chakula alichokizoea cha siku kadhaa. Mweleze mlezi mpya agawe chakula mara mbili kwa siku na asimkimbize baada ya kula, kwa sababu tumbo la mbwa mkubwa linaweza kujaa hewa na kujipinda, akafa kwa saa chache. Ugali na omena vinamfaa kidogokidogo, lakini mifupa ya mgongo wazi (mabaki ya sangara aliyetolewa minofu) humkwama kooni.

Piga simu wiki ya kwanza, kisha nenda ukamwone. Ukikosa familia kabisa, wasiliana na KSPCA, chama cha kulinda wanyama kilichoanzishwa 1910 na chenye makao Nairobi, kabla ya kumsafirisha.

Anza kutafuta mapema, miezi kadhaa kabla ya kuhama. Mwenye haraka hukubali nyumba yoyote, na mbwa ndiye anayelipa gharama ya haraka hiyo. Mnyama aliyekuamini maisha yake yote anastahili umchagulie nyumba kwa makini.